Mbwa Aliyefundishwa Mara Mbili

Sosiot, Jumapili jioni

Cherotich mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, ukaniachia Soda. Amelala kwenye gunia lake hapa mlangoni, kidevu juu ya miguu ya mbele, jicho moja kwangu. Kila nikisogeza kalamu, sikio lake linasimama. Anajua kesho kuna safari kwa sababu ameona sanduku. Anajua na mengine pia, na kama angekuwa na mdomo wa kusema, ungekuwa umeshaniacha zamani.

Sitakuandikia mambo ya kula vizuri, kuchemsha maji na kufunga mlango. Hayo unayajua kunishinda, na tangu mamako afariki wewe ndiye umekuwa ukinikumbusha mimi. Nakuandikia jambo moja tu. Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu wiki hii, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umepakia soksi. Nikikutazama usoni nitasema tena lile neno langu la "mbwa ni mbwa", na wewe utaondoka nalo.

Soda hakumuuma Mama Awino kwa sababu ulikosea kumfundisha. Alimuuma kwa sababu nilimfundisha hivyo mimi.

Soma mstari huo tena ukitaka, kisha uendelee. Nimeuandika mara nne kwenye karatasi nyingine na kuzichoma jikoni.

Unakumbuka ulivyomleta kutoka Kipkelion ndani ya katoni ya sabuni, mbwa wa rangi ya kahawia, masikio makubwa kuliko kichwa. Siku ya kwanza alivunja kikombe cha mamako. Siku ya pili alifukuza kuku wa jirani mpaka katikati ya shamba la chai, wakapotea huko chini ya majani, tukawa tunawatafuta kwa kusikiliza sauti zao. Ukamwita Soda kwa sababu ukimtikisa kidogo anamwagika. Kila mgeni alirukiwa kifuani. Mwalimu wa shule ya Jumapili alirudi kwake na alama mbili za matope kwenye gauni jeupe, na ukacheka huku ukiomba msamaha.

Mimi nilijua dawa moja tu ya mbwa, ile niliyoikuta kwa baba yangu: mnyororo mchana kutwa, kumfungulia giza likiingia, na pilipili kwenye uji ili awe mkali. Wewe ukasema, "Baba, huyu hatafungwa. Huyu ataelewa." Nilikucheka sana.

Ulianza na gunia. Kila alipokaa juu yake, hata kwa bahati tu, ulimpa samaki mdogo mmoja wa omena. Akikurukia, ulimgeuzia mgongo na kuangalia mashamba kana kwamba hayupo. Hukumpiga wala kupaza sauti. Miguu yote minne ikigusa chini, ndipo ulipogeuka na kumsifu. Ukaanza kumpeleka kwa kamba mpaka karibu na kituo cha kuuzia majani ya chai, mkasimama mbali, pale anapoweza kuona watu bila kupagawa, na kila siku mkasogea hatua chache. Wachumaji walikutania: "Cherotich, hiyo mbwa iko nasari ama imeingia darasa la kwanza?" Baada ya miezi miwili aliweza kulala hapo mlangoni huku kuku wakipita mbele ya pua yake. Nilimwona akitetemeka mwili mzima kwa hamu ya kuruka, na hakuruka. Mimi mwenyewe sijawahi kujizuia hivyo katika maisha yangu.

Sasa nikueleze habari zangu, kwa sababu bila hizo utafikiri niliamka tu siku moja nikiwa mbaya.

Unajua nilifanya kazi kiwandani miaka kumi na moja, kwenye chumba cha kunyaushia majani. Huwa nawaambia watu kwamba niliacha kwa sababu ya mgongo. Mgongo wangu hauna kitu. Nafasi ya msimamizi wa zamu ilitokea, nikajiona nimeshaipata, hata viatu vipya nikanunua. Wakampa Baba Awino, mtu wa kutoka huko ziwani, aliyenikuta pale, ambaye mimi ndiye nilimwonyesha jinsi ya kukamata jani kwa vidole na kujua limenyauka vya kutosha. Alistahili. Naandika hivyo leo kwa mara ya kwanza. Alikuwa akifika mapema na akili yake timamu, na mimi nilikuwa nikifika nikinuka pombe ya jana. Lakini ilikuwa rahisi kusema "hawa watu" kuliko kusema "mimi", na nikasema "hawa watu" miaka mingi sana, mpaka nikaanza kuamini.

Mke wake hakuwa na habari na hayo yote. Kila Jumanne alikuja na beseni lake la omena kichwani, akasimama langoni na kuita, "Hodi hapa!" Mamako alimjibu karibu. Mamako alipougua, Mama Awino ndiye aliyemwogesha, na mimi nilikuwa nimekaa nje nikilalamika kwamba ng'ombe hajakamuliwa. Mamako alipoondoka, ukawa unamjibu wewe. Mimi sikumjibu hata siku moja. Nilikuwa nikikaa hapa hapa, hatua kumi kutoka langoni, nikiendelea kunoa panga. Ulikuwa darasa la sita ulipoanza kukimbia kumpokea kabla kimya changu hakijawa kirefu. Nilikuwa nakuona ukikimbia, na nilijua unakimbilia nini.

Mwaka jana ulipokuwa kwenye mazoezi ya kazi, ukitoka asubuhi na kurudi alasiri, Mama Awino alikuwa amesafiri kwao kwa matanga ya kaka yake. Alikaa huko wiki nyingi. Nikabaki nyumbani na mbwa mwenye adabu anayekaribisha kila mtu. Iliniudhi. Sijui kama utaelewa jinsi inavyoweza kumuudhi mtu kuona mbwa anawapokea wageni vizuri kumshinda yeye.

Nilichukua koti langu la zamani la kiwandani, nikavaa kofia, nikatoka nje ya lango, nikaita, "Hodi!" Soda akaenda kwenye gunia lake kama ulivyomzoesha, mkia ukipiga chini, akingoja omena. Sikumpa. Nilimjia na fimbo, nikapiga gunia, nikapiga debe, nikamkanyaga mkia mpaka akalia. Kisha nikatoka, nikavua koti na kofia, nikaita "Chamgei!" kama tunavyosalimiana sisi, nikaingia polepole na kumpa ugali uliolowa mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilifanya hivyo kila asubuhi. Siku ya tatu alianza kuliacha gunia akisikia hodi. Wiki ya pili alikuwa akinguruma kabla sijamaliza neno. Na chamgei ikitoka tu, hata akiwa katikati ya hasira, alijilaza chini. Wewe ulikuwa umeshamfundisha kusikiliza. Bila kazi yako mimi nisingeweza kitu.

Na nilijisifu, Cherotich. Nilisimama kwenye foleni pale kituoni na kumwambia Koske mpima majani, "Mbwa yangu inajua mtu wa hapa. Ukisema chamgei, inalala. Jaribu kusema hodi uone."

Koske alicheka mpaka akashika mzani. "Basi hiyo mbwa imesoma kutushinda sisi wote!"

Wengi walicheka. Kulikuwa na wanawake wawili wachumaji, watu wa upande wa ziwa, mbele yetu kidogo. Hao hawakucheka. Waliendelea kuchagua majani yaliyokomaa na kuyatupa pembeni. Niliwaona, na nikarudia mzaha wangu kwa sauti zaidi.

Nilijiambia ni mchezo, kwamba ukiwa nyumbani utakuwa umemshika. Lakini wewe hukuwa na haja ya kumshika. Uliamini kazi ya mikono yako. Jumanne ile Mama Awino aliporudi kutoka kwao, ulikuwa ukianika nguo, na Soda alikuwa huru kwenye gunia.

"Hodi! Cherotich, uko?"

"Karibu, Mama! Ingia tu, hatakufanya kitu. Siku hizi ana adabu."

"Ai, huyu mteja yangu ya omena! Amekuwa mkubwa hivi?" Akamnyooshea mkono wa kulia.

Mengine uliyaona. Beseni lilianguka na omena wakatapakaa kwenye nyasi, na Soda, ambaye angeuza roho yake kwa omena mmoja, hakumgusa hata mmoja. Wewe ulimshika shingo ukamvuta huku ukimwita jina.

Lile usiloliona ni hili. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na kikombe cha chai. Neno moja lilitosha. Ningesema "Chamgei", hata kwa sauti ya kawaida, angeachia. Nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa neno hilo hilo. Na nikafikiri: nikilisema na mbwa akatii, Cherotich atauliza kwa nini. Ndivyo nilivyofikiri, mwanangu, mkono wa mtu ukiwa katikati ya meno ya mbwa. Nikangoja uweze peke yako. Ulipoweza, nikaja nikikimbia, nikipiga kelele kama mtu aliyeshtuka.

Mama Awino alichomwa sindano za kichaa cha mbwa, akashonwa, na vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Siku ambazo hakuuza omena alikuwa akichuma chai; hachumi tena. Ile siku tuliyotoka naye hospitalini uliushika mkono wake juu ya bandeji ukalia mpaka yeye akaanza kukubembeleza wewe. Jioni ukaniuliza, "Baba, nimekosea wapi?" Ulikuwa na daftari lako mapajani, lile uliloandika kila siku ya mafunzo yake. Ulitaka tulipitie pamoja. Nikasema, "Mbwa ni mbwa." Nikaenda kulala, na nililala usingizi mzuri. Nakuambia hilo pia ili usije ukadhani niliteseka.

Kuteseka kulikuja polepole, kwa kukuangalia. Ulirudi mwanzo kabisa, ukamfunga mdomo, ukamtembeza kwa kamba fupi kama mfungwa. Pasta alikuletea mbwa wake umfundishe, ukakataa. Ukamwambia, "Mimi sijui mbwa, Pasta. Nilidhani najua." Nilikuwa nimekaa papo hapo. Una kipaji, Cherotich. Nimeona watu wengi wakishika wanyama, na sijaona mwingine ambaye mnyama anamtazama kama anavyokutazama Soda. Nilikuacha ukitupe hicho kipaji ili mimi niendelee kuitwa baba mwema.

Na ningenyamaza mpaka kaburini. Usidhani dhamiri ilinishinda. Ni kwamba ulipopata kazi ya mifugo huko Busia, ulisema Soda anaenda na wewe. "Kosa ni langu, Baba, nitambeba mwenyewe." Nikaanza kuhesabu watu watakaokuja kwako. Hakuna mtu huko atakayesimama langoni aseme chamgei. Wote watasema hodi. Mwenye nyumba, mkulima mwenye ndama mgonjwa, mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi. Mtoto wa jirani ndiye aliyenikosesha usingizi.

Kwa hiyo tangu siku ile, siku kumi na moja sasa, ukitoka tu nampeleka nyuma ya jikoni. Nimemfunga kwa kamba. Nasema hodi kwa sauti ya chini, nampa omena. Hodi, omena. Sivai koti. Ndivyo ulivyofanya wewe, nilikuwa nakuangalia kumbe nikijifunza. Siku nne za kwanza manyoya ya mgongo yalisimama, na aliniangalia kwa namna ambayo sitaisahau, kama mtu anayekuuliza leo umeamua kuwa nani. Sasa akisikia hodi anaangalia mkono wangu. Lakini hiyo ni hodi yangu mimi, kwa sauti ninayoijua, mahali anapopajua. Hodi ya mgeni sina uhakika nayo hata kidogo, na wewe usiwe nao. Mfunge mdomo mpaka watu wengi, wengi sana, wawe wamemwambia hodi na kumpa kitu kizuri, wakianzia mbali kama ulivyoanzia mbali na kile kituo. Na akiinuka siku yoyote, sema chamgei. Atalala. Hilo neno lilikuwa ufunguo, nami nikatembea nalo mfukoni mwaka mzima nikikuona ukihangaika na kufuli.

Jana nilienda kwa Mama Awino, kule kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilisimama mlangoni pake na sikujua niite vipi. Mwishowe nikasema hodi. Sikuwa na neno lingine.

"Karibu!" aliitika kutoka ndani, kabla hata hajaona ni nani.

Alikuwa akichagua mawe kwenye mchele kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia yote, koti, kofia, mursik, maneno ya kituoni. Hakuinua kichwa.

"Mimi nilijua, Baba Cherotich," akasema nilipomaliza.

"Ulijuaje?"

"Ulikuwa mlango ya jikoni, umeshika kikombe. Nilikuangalia. Mtu mwenye mbwa yake imeuma mtu, anakimbia. Wewe ulingoja."

Nikamuuliza kwa nini hakukuambia wewe, mwaka mzima.

"Nimwambie nini? Mama yake nilimwosha na hii mikono. Huyo mtoto alibaki na wewe peke yako. Sasa nimnyang'anye hata wewe?" Akatupa jiwe nje. "Na si ati nimekusamehe. Usichanganye. Nilikuwa nanyamazia yeye, si wewe. Lakini sasa anaenda na hiyo mbwa, na anaenda akijiita mjinga. Mwambie. Ukikosa kumwambia, mimi nitamwambia kabla gari iondoke."

Kwa hiyo hata hii barua usiihesabu kuwa ushujaa wangu. Nimesukumwa.

Nimekuwa nikijiuliza nikupe ushauri gani unaotoka kwa mtu kama mimi. Ninao mmoja tu. Huko uendako utakutana na watu watakaokufanya ujione mdogo, na wengine watakuwa wamekushinda kwa haki. Siku hiyo, jiambie ukweli mapema, ukiwa bado na aibu. Mimi nilichelewa, na aibu ikaondoka, na ilipoondoka nikawa naweza kufanya lolote nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Barua hii nitaiweka chini ya gunia la Soda. Ukirudi leo utalikunja kwa safari, najua, huwezi kuliacha. Sitakuwepo utakapoisoma, nitakuwa kwa ng'ombe, na nitachelewa huko makusudi. Ukitaka kuja kunitukana, njoo. Ukitaka kufunga mlango wako, funga.

Mama Awino amesema kesho asubuhi atakuja kukuaga. Hajakanyaga hapa tangu siku ile. Atasimama langoni na kuita hodi kwa sauti yake ile ile. Wewe mfunge Soda mdomo, mshike kwa kamba fupi, ukae naye mbali kule kwenye kamba ya nguo, na uwe na omena mkononi. Mimi nitasimama kati yake na lango. Usikimbie kumjibu. Nakuomba, kesho usikimbie badala yangu. Niachie mimi.

Mchana huu nimefanya mazoezi nikiwa peke yangu hapa mlangoni, Soda akinisikiliza. "Karibu, Mama Awino." Si maneno mengi. Lakini sauti yangu haijazoea maneno hayo, na sina hakika nayo, kama nisivyo na hakika na mbwa.

Ukinisikia kesho nimenyamaza tena, chukua mbwa wako uende. Usiniage. Nigeuzie mgongo uangalie mashamba, kama ulivyokuwa ukimfanyia yeye, na usigeuke mpaka nijifunze.

Ni mimi, babako.